Kadi ya Pikipiki Ina Jina la Nani?

Ukitaka kujua kama Rukwa ina pesa au haina, pita kwenye vijiwe vya bodaboda vya Sumbawanga mwezi Februari, kisha urudi Julai. Februari mahindi bado mabichi shambani na akiba ya ndani inakaribia kwisha, hivyo madereva hukaa juu ya pikipiki zao muda mrefu wakigombea abiria wachache. Julai mavuno yameshaingia. Abiria wapo, mizigo ipo, na anayechelewa kufika kijiweni huenda asikute dereva hata mmoja. Mvua za Ufipa, nyanda za juu za Rukwa, ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa hiyo hata mtu asiyeshika jembe kipato chake hupanda na kushuka pamoja na mahindi.

Vijana wengi wa huku wanaanzia maisha kwenye vibarua. Asubuhi mtu anapalilia shamba la jirani, kesho anapakia magunia ya mpunga kwenye lori, wiki ijayo ni saidia fundi kwenye nyumba inayojengwa, na jioni akibahatika anashika pikipiki ya mtu. Akilini ana duka, genge, mashine ya kusaga, au mtaji wa kununua mazao bondeni na kuyauza mjini. Watu wazima humwambia avumilie, kwamba kibarua ndiyo shule ya biashara. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inategemea jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha: kibarua kikiisha, mikononi mwa kijana kinabaki nini?

Nafasi za kazi za namna hii zimeongezeka haraka, pamoja na watu na barabara. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,004,539 katika Mkoa wa Rukwa. Ile ya 2022 ikahesabu 1,540,519, yaani ongezeko la zaidi ya nusu katika miaka kumi. Katikati ya hapo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga iliwekwa lami, ikiwa miongoni mwa miradi iliyofadhiliwa na Marekani kupitia mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia (MCC) wa mwaka 2008, uliokuwa na thamani ya dola milioni 698 kwa barabara, umeme na maji nchini. Mahindi ya Ufipa yakapata njia nyepesi ya kufika mpakani na Zambia. Ukishuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea vijiji vya bondeni vya Muze, Ilemba na Kaoze, mambo ni mengine. Kule njia nyingi huwa vumbi kiangazi na tope masika, na pikipiki hubeba mgonjwa, mbolea, mwanafunzi na gunia. Kanuni za leseni za mwaka 2010 ziliirasimisha pikipiki kuwa chombo cha kukodi, na kazi ambayo awali ilifanywa kwa kujificha ikawa ajira ya wazi.

Yapo mambo ambayo kibarua kinafundisha na darasani hayapatikani. Mpakiaji wa magunia hujifunza kutambua mahindi makavu kwa kuyauma punje, maana Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, haipokei nafaka yenye unyevu mwingi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Anaona kwa macho yake jinsi lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, inavyomnyonya mkulima, na ni mnunuzi gani analipa taslimu na yupi anaondoka na ahadi. Dereva wa bodaboda naye anajua duka lililoishiwa saruji, kijiji ambacho mchele umefurika, na mama anayetafuta mtu wa kumletea mafuta ya kula kila Jumamosi. Hizo ni taarifa za soko, na zinamfikia bila gharama, siku kwa siku.

Hata hivyo kufanya kazi karibu na biashara hakumfanyi mtu kuwa mfanyabiashara. Ufipa wenyewe una historia inayolieleza jambo hili vizuri. Kabla ufuaji chuma haujafifia enzi za ukoloni, Wafipa waliyeyusha madini kwenye malungu, tanuri ndefu za udongo zilizosimama hadi takriban mita tatu na kuvuta hewa zenyewe bila mivukuto. Kazi ilifanyika kiangazi na ilihitaji watu wengi wa kuchimba, kukata kuni, kuchoma mkaa na kujenga. Lakini dawa na taratibu za siri zilikuwa mikononi mwa fundi mkuu. Aliyebeba mkaa angeweza kurudi kiangazi baada ya kiangazi na bado asiweze kuwasha tanuri lake mwenyewe, mpaka fundi huyo akubali kumrithisha.

Leo siri kubwa iko kwenye masharti ya kazi. Chukua madereva wawili wanaoendesha pikipiki zinazofanana. Wa kwanza anapeleka hesabu kwa bosi na kinachozidi ni chake. Wa pili yuko kwenye mkataba: anapeleka fedha kwa muda waliokubaliana, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yake. Tuseme kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Baada ya mwaka kila mmoja ametoa 3,120,000. Wa kwanza anabaki na uzoefu. Wa pili anabaki na uzoefu na pikipiki, hata kama imeshachoka, na pikipiki hiyo anaweza kuiuza, kumkodisha mwingine, au kuiweka dhamana. Jasho lao ni sawa, barabara zao ni zilezile, lakini mmoja tu ndiye amesogea kwenye biashara.

Mkataba nao una mitego. Mara nyingi ni wa mdomo, na kadi ya pikipiki hubaki na jina la bosi mpaka siku ya mwisho. Dereva akiugua malaria wiki mbili, au Februari ikawa ngumu akakosa kupeleka hesabu, bosi anaweza kuchukua chombo na miezi kumi ya malipo ikapotea. Matengenezo kwa kawaida humwangukia dereva. Kijana aliyewahi kunyang'anywa pikipiki zikiwa zimebaki wiki chache hatoki pale akiwa na moyo wa kuthubutu zaidi. Anatoka akiwa amejifunza kutomwamini mtu, na biashara bila kuaminiana haianzi.

Watafiti nchini Marekani wamelitazama swali la kama vibarua huzaa biashara kwa takwimu na kufikia majibu yanayoonekana kugongana. Mwaka 2018 Gordon Burtch na wenzake walionyesha kwamba Uber, kampuni inayounganisha abiria na madereva kwa programu ya simu, ilipoingia katika miji, idadi ya watu waliofungua michango ya kuanzisha miradi kwenye mtandao wa Kickstarter ilipungua. Baadhi ya waliokuwa wakianzisha biashara kwa kukosa kazi walipata kazi ya kushika. Mwaka 2022 John Barrios, Yael Hochberg na Hanyi Yi walichapisha utafiti uliokuta kwamba baada ya usafiri wa programu kufika mjini, usajili wa biashara mpya uliongezeka kwa asilimia 4 hadi 6, na hasa mahali ambapo watu hawakuwa na uhakika wa mishahara yao ya kesho. Hoja yao ni kwamba mtu huthubutu zaidi akijua kuwa biashara ikianguka ipo kazi ya kurudia.

Majibu yote mawili yanaingia akilini ukiyaleta Rukwa. Kibarua kinampa kijana pa kurudia, na hilo si dogo: anaweza kujaribu kuuza mchele msimu mmoja, akipata hasara anarudi kijiweni. Lakini kibarua hichohicho kikimmaliza nguvu kutwa nzima na kumwachia pesa ya kula tu, kinageuka kuwa makazi ya kudumu. Kinachoamua ni mgawanyo wa pato. Dar es Salaam jambo hilo lilifika mezani mwa serikali pale mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, LATRA, ilipoweka ukomo wa kamisheni ambayo kampuni za programu zingemkata dereva. Uber ikasimamisha huduma Aprili 2022, kisha ikarejea mwaka uliofuata baada ya masharti kulegezwa. Madereva wa Sumbawanga, ambao bosi wao ni jirani na makubaliano yao hayajaandikwa, hawajapata mdhibiti wa kuwaulizia swali kama hilo.

Wanawake wako mbali zaidi na mjadala huu. Bodaboda, kibarua chenye njia ya wazi ya kufikia umiliki, karibu chote ni cha wanaume. Vibarua vya wanawake, kupalilia, kupepeta nafaka, kusaidia kwa mama lishe, hulipwa kwa siku au kwa gunia na havina mkataba unaoishia kwenye mali. Wengi wao wamejitengenezea njia kupitia VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambako kinachobaki kwenye ujira mdogo hugeuka hisa, na hisa hugeuka mkopo. Hapo mwanamke anajifunza pia jambo ambalo kijiwe hakifundishi, yaani kuandika kila shilingi na kutenganisha fedha ya kikundi na ya nyumbani.

Serikali nayo imejaribu kusaidia. Mwishoni mwa 2018 wajasiriamali wadogo wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mwaka huohuo sheria iliweka wajibu kwa halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kutokana na dosari katika usimamizi na marejesho, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya.

Mikopo hiyo kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na kijiwe cha bodaboda tayari ni kikundi: kina mwenyekiti, kina sheria zake, na kina michango ya mwenzao anayepata ajali. Madereva wa kijiwe kimoja wakipewa mkopo wa kununua pikipiki wao wenyewe, zile 10,000 za kila siku zitarejesha deni lao, na kadi itatoka ikiwa na majina yao tangu siku ya kwanza. Kwa walio na bosi, karatasi moja yenye kiasi, muda, siku za ugonjwa na sahihi mbili mbele ya ofisa mtendaji wa kijiji ingeokoa miezi mingi ya jasho. Gharama yake haifiki bei ya tairi.