Kamera ya kuamia kwelea inasuasua? Usikimbilie kununua kompyuta kubwa

Mwenye shamba la mtama Bahi, Chamwino au Kongwa anaijua hesabu hii. Kwelea mmoja anakula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, na makundi ya namna hiyo yapo, linaweza kumaliza tani 10 kwa siku moja. Ndiyo maana mtama ukianza kukomaa watu wanashinda shambani tangu alfajiri, madebe na makombeo mkononi, wanaamia ndege. Watoto nao wakati mwingine wanakosa shule kwa kazi hiyo.

Kwa anayejua programu kidogo, wazo linakuja lenyewe: funga kamera, iunganishe na kompyuta ndogo ya bodi moja kama Raspberry Pi, weka modeli ya akili mnemba inayotambua ndege, wakitokea ipige honi. Shida inaanza ukishaiwasha. Picha moja inachambuliwa kwa sekunde nzima au zaidi, betri ya sola inakata kabla ya jioni, na honi inalia ndege wakiwa wameshatua.

Hapo wengi wanawaza mashine kubwa zaidi. Mara nyingi tatizo si udogo wa kompyuta, ni wingi wa kazi isiyo na maana unayoipa.

Ila kabla ya kugusa programu, pima joto na umeme. Prosesa ya Raspberry Pi ikifika nyuzi joto 80 inaanza kujipunguzia kasi yenyewe, na ikifika 85 inapunguza zaidi. Aprili na Mei si miezi ya joto kali Dodoma, sawa, lakini boksi la plastiki lililofungwa na kuachwa juani lina joto lake. Andika vcgencmd measure_temp uone nyuzi, kisha vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0 uko vizuri. Ikileta namba nyingine, ujue joto au umeme umeshaleta shida tangu ulipoiwasha. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na Pi 5 inataka ampea 5 ili ifanye kazi kwa nguvu zote. Chaja ya simu ya mtaani yenye waya mrefu mwembamba haifikishi hapo. Weka kipande cha alumini cha kupoza na feni ndogo, boksi likae kivulini. Kuna watu wanahangaika wiki nzima na programu kumbe tatizo ni waya.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mfano mzuri uko hapahapa Tanzania. TrailGuard ni kamera ya kunasa majangili ya shirika la RESOLVE, na toleo lake la awali lilijaribiwa Grumeti, magharibi mwa Serengeti. Toleo lililotangazwa Januari 2019 likiwa na chipu ya Intel halichambui video saa 24. Linalala. Kitu kikipita linaamka, linachambua picha hapohapo, na linatuma ile tu yenye mtu au gari. Watengenezaji wanasema betri yake inaweza kudumu hadi mwaka mmoja na nusu.

Kwelea pia wana ratiba yao. Wanakula zaidi asubuhi na jioni, mchana wanapumzika kwenye miti. Kwa hiyo kompyuta yako haina sababu ya kuhangaika saa saba mchana, saa ambayo jua ndilo linaipika. Iache ipumzike, betri nayo ijae.

Hata asubuhi, usiipe modeli kila fremu. Linganisha kwanza fremu mbili zinazofuatana. Kama hakuna kilichobadilika, achana nazo. Kazi hiyo ni nyepesi sana ukilinganisha na kuendesha modeli. Lakini hapa kuna mtego: upepo wa Dodoma unayumbisha masuke muda wote, na kompyuta itaona "mabadiliko" kila dakika. Ziba sehemu ya chini ya picha, uangalie ukanda wa anga juu ya mtama tu. Ndege lazima wapite hapo.

Kukata picha hivyo kunasaidia na jambo la pili, ukubwa. Picha ya 640 kwa 640 ina pikseli 409,600. Ya 320 kwa 320 ina 102,400, yaani robo. Ukipunguza kienyeji tu, ndege wa mbali wanageuka vumbi na modeli haiwaoni. Ukikata ukanda unaouhitaji, unapunguza mzigo bila kupoteza ndege. Halafu jiulize kama kweli unataka kuhesabu ndege mmoja mmoja. Honi haihitaji idadi, inahitaji kujua tu kwamba kundi limefika.

Modeli nayo ichaguliwe kwa saizi. Nuru, programu ya PlantVillage inayotambua magonjwa ya mihogo, inafanya kazi kwenye simu ya Android bila intaneti kwa sababu modeli yake ni ya aina nyepesi. Modeli ya kawaida inatunza kila namba kwa biti 32. Ukiibadilisha iwe ya biti 8, inapungua hadi karibu robo ya saizi yake, na kwa kawaida inaongeza kasi huku usahihi ukishuka kidogo tu. Jaribu kwa picha za shamba lako mwenyewe kabla ya kuiamini.

Kingine kinachosahaulika ni foleni. Kamera ikitoa fremu 30 kwa sekunde na modeli ikamudu 4, nyingine zinajipanga, na baada ya muda kompyuta inachambua mambo yaliyokwisha kupita. Usomaji wa kamera ujitegemee, na modeli ichukue fremu mpya kabisa, za nyuma zitupwe.

Ukishafanya yote haya na bado haitoshi, ndipo ufikirie kuongeza kifaa. AI Kit ya Raspberry Pi, iliyotoka Juni 2024 kwa dola 70, ina chipu maalumu ya kazi hii, ila inakaa kwenye Pi 5 tu, na nayo inakula umeme wake. Piga hesabu ya paneli na betri kwanza.