Anaona, Ila Haoni Ubao

Mtoto mwenye ualbino akiandikishwa darasa la kwanza, shule nyingi humhesabu kwa njia mbili tu: anaona, basi akae popote, au haoni, basi apelekwe shule ya wasioona akajifunze nukta nundu. Zote mbili zinamkosea. Mtoto huyu ana uoni hafifu. Kati ya vikwazo vinavyowakwamisha watoto wenye ulemavu katika shule za Tanzania, naamini hiki ni miongoni mwa vile ambavyo kuviondoa hakuhitaji fedha nyingi.

Tuanze na jicho lenyewe. Melanini, ile rangi inayopungua kwenye ngozi na nywele, ina kazi pia ndani ya jicho mtoto akiwa bado tumboni. Ikikosekana, sehemu ya katikati ya retina, ile tunayoitumia kusomea, haikomai, na neva zinazopeleka taarifa kwenye ubongo hupita njia isiyo ya kawaida. Macho huchezacheza yenyewe, na mwanga mkali huyaumiza. Miwani husaidia kiasi, lakini haiwezi kuikomaza retina. Ndiyo maana mzazi hujikamua akanunua miwani, mtoto akaendelea kushindwa kusoma ubaoni, na mwalimu akaamua kwamba shida ni uvivu.

Watoto hawa mara nyingi hupimwa wakakutwa na uoni wa kati ya 6/18 na 6/60. Mwenye 6/60 lazima asogee hadi mita 6 ili atambue kitu ambacho mwenzake hukitambua akiwa mita 60. Akikaa mita 6 kutoka ubaoni, herufi inapaswa kuwa na kimo cha sentimita 9 hivi ndipo aitambue, tena kwa taabu. Mwalimu gani huandika herufi za namna hiyo? Akisogezwa hadi mita 2, herufi ya sentimita 3 inatambulika. Dawati limehama mita 4 tu, na mtoto aliyeitwa mzito wa kuelewa ameanza kusoma.

Najua madarasa yetu yalivyo. Penye watoto 80 au 100, nafasi ya mbele hugombaniwa, na mtoto aliyezoea kuchekwa atakimbilia nyuma mwenyewe. Huko atanakili kutoka daftari la jirani, kisha achapwe kwa kuibia majibu. Kwa hiyo nafasi yake iwekwe na mwalimu, na ijulikane na darasa zima: mbele, katikati, mwanga wa dirisha ukitokea nyuma yake. Aruhusiwe kuinuka na kuufuata ubao bila kuomba ruhusa kila mara. Ubao uliopauka upakwe rangi upya. Mwalimu naye atamke kila anachoandika. Hilo litamfaa hata yule wa dawati la mwisho mwenye macho mazima.

Halafu kuna suala la kitabu. Mtoto mwenye uoni hafifu hukileta karibu na pua, na mtu mzima aliye jirani humkemea: utaharibu macho. Hayaharibiki. Kukisogeza kitabu kutoka sentimita 40 hadi 10 hukuza taswira ya maandishi ndani ya jicho mara 4, na macho ya mtoto yana nguvu ya kuona kwa umbali huo mfupi. Ni kifaa cha kukuzia alichopewa bure. Lenzi ya mkononi na darubini ndogo ya jicho moja vikipatikana, vizuri zaidi. Lakini kumfundisha nukta nundu mtoto anayeweza kusoma maandishi ya wino ni kumpotezea miaka, na wapo waliozisoma nukta hizo kwa macho wakiwa wamekiinamia kitabu, kwa kuwa macho yao yanaona.

Nje ya darasa kikwazo ni jua. Mchakamchaka, mstarini, usafi wa mazingira, bustani ya shule: saa hizo zote ngozi isiyo na kinga inaungua, na saratani ya ngozi huwapata wengi wakiwa bado vijana. Kule Moshi, hospitali ya KCMC imekuwa ikitengeneza mafuta maalumu ya kukinga jua kwa ajili yao. Mafuta hayo hayatoshi kama kanuni za sare bado zinakataza kofia na mikono mirefu. Mwalimu mkuu anaweza kulegeza kanuni hiyo kwa sentensi moja mstarini, na ningependa kusikia sababu ya anayekataa.

Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotangazwa sana kuanzia miaka ya 2006 hadi 2008 yaliongeza kikwazo kizito kuliko vyote. Watoto walikimbiziwa kwenye shule za bweni kama Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi na Kabanga kule Kasulu. Waliokolewa, hilo halina ubishi. Lakini baadhi yao walikaa miaka bila kuwaona wazazi, na hatua ya dharura ikageuka kuwa mfumo wa elimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto asome shule ya kawaida pamoja na wenzake. Hilo halitatimia kwa kumrudisha kijijini tu, kama njia ya kwenda shule haina usalama na darasani hakuna anayejua anaona kiasi gani.

Baraza la Mitihani, NECTA, limelielewa suala la uoni hafifu mapema kuliko shule nyingi. Huwatenganisha watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu, huwachapia hawa wa pili karatasi za maandishi makubwa, na huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imechapa vitabu vya maandishi makubwa. Mzazi, usingoje wiki ya mtihani wa darasa la saba. Nenda shuleni wakati wa usajili, umuulize mwalimu mkuu kama mwanao ameandikwa kuwa ana uoni hafifu, na ukiwa hapo hapo uulize anakaa dawati gani.