Kimya na Lugha za Kubuni katika Michezo ya Fumito Ueda

Fumito Ueda ni msanii wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1970 huko Tatsuno, katika mkoa wa Hyogo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Osaka, akahitimu mwaka 1993. Sifa zake hazikutokana na michoro ya kutundikwa ukutani, bali na michezo ya video. Yaani hadithi za picha zinazokwenda, ambazo mchezaji huziendesha mwenyewe kwa kubonyeza vitufe. Kazi kubwa alizoziongoza kati ya mwaka 1997 na 2016 ni tatu tu. Walakini kwa mwenye kuchunguza lugha zina jambo la kutazamwa: takriban maneno yote yasemwayo humo ni ya lugha za kubuni, ambazo hakuna taifa lizisemalo.

Ueda aliingia katika kampuni ya Warp mwaka 1995, akashiriki kutengeneza picha za mchezo uitwao Enemy Zero. Mwaka 1997 alihamia Sony, na huko akaanza Ico, uliotoka mwaka 2001. Hadithi yake ni fupi. Mvulana aliyezaliwa na pembe afungiwa ngomeni kwa sababu ya pembe hizo; humo amkuta msichana aitwaye Yorda, nao watafuta njia ya kutoka. Kila mmoja ana lugha yake, wala hawaelewani. Maneno ya mvulana hufasiriwa chini ya picha; ya Yorda huandikwa kwa alama zisizosomeka. Basi mchezaji naye hutiwa katika kutojua kule kule kwa mvulana. Kilichobaki ni mkono: kitufe kimoja kikishikiliwa, mvulana humshika msichana mkono, kikiachwa, humwachia. Hapo kitendo kimeshika mahali pa sentensi. Aidha, katika matoleo ya Japani na Ulaya, aliyemaliza mchezo na kuurudia tena alionyeshwa tafsiri ya maneno ya Yorda. Ni dhahiri, basi, kwamba maana ilikuwapo tangu mwanzo, ila ilisitiriwa.

Njia hii Ueda ameieleza kuwa ni kubuni kwa kupunguza: kila kisicholazimu huondolewa, ili kile kinachobaki kipate nguvu. Kwa njia hiyo hiyo alitengeneza Shadow of the Colossus, uliotoka mwaka 2005. Kijana Wander amchukua msichana aliyekufa mpaka nchi iliyokatazwa, akiwa na farasi wake tu. Sauti ya Dormin yamwahidi kwamba akiwaua majitu 16 huenda roho ya msichana ikarudi. Nchi hiyo haina miji, wala maadui wadogo wa kupigana nao njiani. Maneno ya Dormin ni ya lugha ya kubuni, lakini hapa hufasiriwa. Kwa hiyo mpango umegeuka: katika Ico maana ya msemaji ilifichwa, na katika mchezo huu maana imetolewa ilhali sauti imebaki ngeni. Lisilofasiriwa ni kifo cha majitu. Kila moja likianguka, muziki wa huzuni hupigwa badala ya shangwe, na mchezaji hubaki kujiuliza kama alilolitenda ni ushindi au dhuluma.

Kazi ya tatu, The Last Guardian, ilitangazwa mwaka 2009. Ueda aliondoka Sony mwaka 2011, akaendelea na mchezo huo kwa mkataba, na mwaka 2014 kampuni yake ya genDESIGN ikatangazwa. Mchezo wenyewe ukatoka mwaka 2016. Hapa mwenzi wa mvulana ni Trico, mnyama mkubwa mwenye manyoya, ambaye hana lugha kabisa. Mvulana humwita na kumwelekeza, lakini mnyama hatii mara moja kama chombo. Husita, hutazama kwingine, kisha huenda. Kusita huko kulikusudiwa, ingawa wachezaji wengine kuliwachosha.

Kazi hizi tatu zaonyesha daraja tatu: lugha isiyoeleweka, lugha iliyofasiriwa, na kiumbe asiye na lugha. Katika zote mawasiliano hayakukatika, bali yamehamia mkononi, machoni na katika kungojea. Kimya kikuu kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Na mshindo huo Ueda aliupata kwa kuchagua kwa uangalifu ni neno gani lisisemwe.