Salfa: mlima hauna kifuniko, kiwanda kinacho

Pale Hombo, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Walikale, kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, hupanga chupa za esanse na mazutu juu ya meza ya mbao. Motari, mwendesha pikipiki, anasimama, anamiminiwa chupa moja kwa faneli, anaondoka. Yaliyofanyika kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta mpaka esanse ile ikapatikana hayaonekani chupani, ila kuna mapafu ya watu yaliyovuta moshi wake.

Mafuta ghafi hutoka ardhini yakiwa na salfa. Salfa ikiungua hugeuka gesi ya dioksidi ya salfa. Watu wa Masisi wanaifahamu gesi hiyo: volkeno za Nyamulagira na Nyiragongo huitoa, na upepo wa mashariki huwapelekea. Ikikuta unyevu kwenye njia ya hewa hugeuka tindikali. Kifua hubana, na mwenye pumu huishiwa pumzi ndani ya dakika chache. Ikikuta mvua, huunguza majani ya mimea na kula mabati.

Kiwandani, chanzo kimoja kikubwa cha gesi hiyo ni mtambo wa kuvunjavunja mafuta mazito yawe petroli, yaani esanse. Mafuta hukutanishwa na kichocheo, unga laini kama mchanga, kwenye joto la nyuzi 500 hivi. Masizi yenye salfa huganda kwenye kila chembe. Unga huo hupitishwa tanurini, nyuzi 700 hivi, masizi yaungue ili urudi kazini. Hapo salfa hutoka na moshi.

Kinga ziko tatu. Ya kwanza ni kuondoa salfa kwa haidrojeni kabla mafuta hayajaingia mtamboni. Ya pili ni kuosha moshi kwa maji ya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Ya tatu ni kuchanganya kichocheo na unga wa magnesi na alumini wenye metali iitwayo seri: tanurini unga huo huidaka salfa, ukirudi kwenye mafuta huiachia ikiwa gesi nyingine, inayokusanywa na kugeuzwa salfa ya manjano ya kuuzwa.

Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Sasa Uganda inapanga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku huko Kabaale, Hoima. Nyamulagira haiombi kibali. Kiwanda huomba, na swali la salfa liulizwe siku hiyo, kabla bomba la moshi halijasimama.