Nguvu na Mwendo: Kwa Nini Gari Halisimami Mara Moja

Maneno yetu ya leo ni juu ya nguvu na mwendo. Elimu hii si ya darasani tu. Katika barabara ya Mikumi huokoa roho za watu na za wanyama.

Kitu kilichotulia hakiondoki mpaka kisukumwe au kivutwe. Kule kusukuma na kuvuta ndiko kuitwako nguvu. Hayo kila mtu ayajua. Lakini liko neno la pili ambalo wengi hawalikubali upesi: kitu kinachokwenda nacho hakisimami mpaka nguvu nyingine ikizuie. Mtaalamu wa Uingereza, Isaac Newton, aliieleza kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1687.

Labda mtauliza: mbona kibao kikisukumwa chini husimama chenyewe? La, hakisimami chenyewe. Kisukumeni juu ya mchanga, kisha kwa nguvu ile ile juu ya sakafu laini ya saruji. Katika saruji kitafika mbali zaidi. Kinachokizuia ni msuguano, yaani kule kukwaruzana kwa vitu viwili vinavyogusana. Msuguano ukipungua, mwendo hudumu.

Sasa twende stesheni ya Kilosa, katika Reli ya Kati. Magurudumu ya gari la moshi ni chuma, na reli ni chuma, basi msuguano wake ni mdogo. Tena mabehewa ni mazito, na kitu kizito ni kigumu kuondoka na kigumu kusimama. Kwa hiyo dereva hana budi kuanza kufunga breki mbali, kabla ya kufika stesheni. Breki zikishika, abiria aliyesimama hupepesuka mbele, maana mwili wake wataka kuendelea na mwendo ule wa kwanza.

Kutoka Kilosa tushuke kusini mpaka Mikumi. Hapo barabara kuu ya Morogoro na Iringa hupita ndani ya hifadhi ya wanyama iliyowekwa mwaka 1964, kwa kadiri ya kilomita 50. Tembo, twiga, nyati na swala huivuka mchana na usiku.

Tufanye hesabu. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hupita kadiri ya mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona swala, yapata sekunde moja hupotea kabla mguu haujakanyaga breki: hizo mita 14. Kisha, lami ikiwa kavu na breki nzima, gari husimama baada ya mita 14 nyingine. Jumla mita 28.

Je, akienda kilomita 100? Wengi watajibu mita 56. Sivyo. Sekunde ile moja yala mita 28, na breki nazo hazitaki mara mbili, bali mara nne: mita 56. Jumla mita 84. Sababu ni hii: gari lenye mwendo maradufu huchukua muda maradufu kusimama, na katika muda huo hupita kwa mwendo maradufu, mbili mara mbili ni nne. Lami ikilowa mvua, mita huzidi.

Basi swala aliye mita 50 mbele hupona kwa mwendo wa kwanza. Kwa mwendo wa pili hana njia, hata dereva awe hodari namna gani. Na gari likimgonga nyati au tembo, abiria nao huumia. Vibao vya mwendo vya barabara ile havikuwekwa kwa kumwonea dereva. Vyatokana na hesabu hii hii.

Ninyi mlio wanafunzi, pimeni mita 28 na mita 84 kiwanjani, mkaione tofauti kwa macho yenu.