Kamera ya Umio na Nauli ya Boti

Mwaka 2016 madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, walichapisha matokeo yanayotia hofu. Waliwapima umio watu wasiolalamikia chochote, na karibu mmoja katika kila saba alikutwa na seli zilizoanza kuharibika kuelekea saratani. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza: kamera huteremshwa kooni, umio ukanyunyiziwa iodini, palipo pazima hugeuka kahawia, penye kasoro hubaki peupe.

Je, kamera hiyo ipelekwe Kiunga, kule Lamu Mashariki?

Tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kipimo kimoja ni shilingi 10,000. Kwa kiwango cha Bomet, kumpata mtu mmoja mwenye kasoro kunagharimu kama 70,000. Mahali penye mmoja katika mia, gharama inafika milioni moja, kwa kamera ileile na daktari yuleyule. Kwa hiyo takwimu za Bomet, nyanda za juu za Bonde la Ufa, hazibebwi nzimanzima hadi Lamu Mashariki.

Tena si kila kasoro huwa saratani. Huko Linxian, China, watu walifuatiliwa zaidi ya miaka 13: waliokuwa na kasoro ndogo, takriban robo waliugua, wenye kasoro kubwa, karibu robo tatu. Faida hasa iko kwa hawa wa pili, mradi tu watibiwe.

Hapo ndipo Kiunga inapokwama. Aliyekutwa na kasoro kubwa huhitaji kuondolewa sehemu hiyo, kisha kuangaliwa tena na tena. Barabara ya bara ina hatari za kiusalama. Baharini, msimu wa kusi, mawimbi hayana huruma na mafuta ya boti si bure. Ukifika Lamu, bado safari ya Mombasa. Mvuvi atakwenda mara ya kwanza. Ya tatu je, nyumbani watakula nini? Kumpima mtu asiyeweza kurudi ni kumgawia hofu, basi.

Mimi ningeanzia chini. Chai ipoe kidogo: tangu 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanahesabu vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio. Tumbaku iachwe. Na mgonjwa akisema wali unamkwama, asipewe dawa ya kiungulia akarudishwa nyumbani. Apelekwe kwenye kamera wiki hiyohiyo. Kweli, chakula kikianza kukwama mara nyingi ugonjwa umeshatangulia, lakini miezi ya kuzungushwa huongeza hasara. Nauli yake iwemo kwenye bajeti ya kaunti kabla ya bei ya kamera.