Nyuzi 38

Paukwa!

Pakawa.

Sogeeni, wanangu, mkeka unatosha. Leo sina sungura wala fisi. Leo nina mama yangu, na mwaka ambao nyumba yetu ya Temeke ilijaa watu wanaonong'ona.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa amegusa kivimbe kwenye titi, kidogo kama kunde, nacho hakikumuuma hata kidogo. Saratani ya titi mara nyingi huanza hivyo, kimyakimya, ndiyo maana wengi huchelewa kwenda kupima. Akaanza matibabu Ocean Road, lile jengo la kale linalotazama bahari, lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Sisi watoto tukaambiwa, "Mama anakwenda mjini." Basi. Wakubwa walidhani wanatukinga.

Mtoto asipoambiwa hujitungia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimevunja bakuli lake wiki ile, nikaamini hasira niliyomtia ndiyo imemfanya augue. Mdogo wangu alimsikia jirani akisema kansa inaambukiza, akaacha kunywea kikombe cha Mama. Mama aliona. Alikiosha kikombe mara mbili, akakitenga kwenye kona ya kabati.

Jioni ya dripu ya kwanza ya dawa niliingia chooni baada yake, nikaona mkojo mwekundu. Nikapiga yowe: "Mama anakufa!"

Hapo ndipo Baba alipotukalisha barazani, macho yake yamevimba. "Nilikosea kuwaficha," alisema. Dawa yenyewe, akatueleza, ni nyekundu kama juisi ya rosela, na rangi yake hutoka na mkojo siku moja au mbili. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli za kawaida huzaliana kwa kiasi na hufa zikichakaa. Za saratani hukaidi, zinazaliana tu. Dawa huziwinda zile zinazozaliana haraka, lakini haichagui vizuri. Nywele nazo hukua haraka, na ngozi ya ndani ya mdomo, na seli za damu. Kwa hiyo nywele zitadondoka, mdomo utapata vidonda, na nguvu zitapungua. "Hakuna aliyemwambukiza, na hakuna aliyemkosea," akasema. Mdogo wangu akanyanyuka bila neno, akakitoa kikombe kabatini, akanywa maji.

Tangu siku ile tukagawana kazi. Dripu ilikuwa kila baada ya siku 21, na dada aliandika tarehe zake kwenye kalenda. Baba alijifunza kupika uji wa ulezi na kuupoza, maana cha moto na chenye pilipili kilimchoma Mama mdomoni. Mdogo wangu alikaa mlangoni na ndoo ya maji na sabuni: hupiti hujanawa, na mwenye mafua anarudi kwao, hata awe shangazi. Mimi nilipewa kipimajoto.

Zilikuwepo siku Mama hakutaka kuchangamshwa. Harufu ya kitunguu tu ilimkera, na aliwahi kunifukuza chumbani. Niliumia sana. Lakini kwa sababu ya siku zile sipendi hata leo kusikia mgonjwa akiambiwa "jikaze". Kujikaza amejikaza tayari, mwache alie.

Usiku mmoja, siku ya kumi baada ya dripu, kipimajoto kikasoma nyuzi 38.4. Baba alikuwa amechoka. "Tungoje kupambazuke," alisema.

"Baba, wewe mwenyewe ulisema ikifika 38 hatungoji." Alikuwa ametueleza kwamba siku kama hizo seli nyeupe, walinzi wa damu, huwa chache sana, na homa ndogo inaweza kuua haraka.

Alinitazama. Akavaa makubadhi, akaenda kumgongea jirani mwenye teksi.

Mama alilazwa siku nne, akatundikiwa antibaotiki. Aliporudi, kilemba kichwani, miguu ikitetemeka, alimkuta mdogo wangu mlangoni na ndoo yake.

"Mama," alisema, "shikamoo. Nawa kwanza."

Mama akainama, akanawa.